Miguu Baridi na Miguu Niponye

Kijana mmoja wa hapa Lulimba aliniletea karatasi mbili nizipitie kabla hajazituma. Lilikuwa ombi la kazi katika shirika, na shirika lilitaka liandikwe kwa Kiingereza. Swali mojawapo lilimtaka aeleze siku ngumu maishani mwake na jinsi alivyoivuka. Akaeleza usiku ambao risasi zilianza kulia upande wa pili wa kijiji, mama yake akatoka na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, wakashika barabara ya Misisi gizani. Nilikuwa nasoma bila kuinua kichwa. Nikafika mstari wa sita, nikakuta ameandika: "We got cold feet and ran until morning."

Nikacheka, kisha nikaona aibu kwa kucheka. Alikuwa ameutafuta msemo huo kwenye simu yake usiku, bando likiwa linakaribia kwisha, akaona maelezo mafupi kwamba ni msemo wa hofu, akauchukua. Nani angemlaumu? Hofu ilikuwepo, miguu ilikuwepo, na usiku wa milimani una baridi. Lakini kwa Mwingereza, miguu baridi ni ya mtu aliyekwisha kukubali jambo, na siku inapokaribia moyo wake unarudi nyuma. Ni bwana harusi aliyekwisha kutoa mahari, halafu juma la mwisho anaanza kuulizia kama sherehe inaweza kusogezwa mpaka kiangazi. Ni mfanyabiashara aliyeshika kalamu asaini, akaiweka chini. Miguu baridi haikimbii, inagoma. Msomaji wa ombi lile angeelewa kwamba familia hiyo ilikuwa na mpango fulani, ikaghairi, kisha kwa sababu isiyoelezwa ikatimua mbio mpaka asubuhi.

Waliyokuwa nayo wale watu usiku ule ni miguu niponye. Kiswahili kinajua miguu hiyo vizuri, kwa sababu kimekimbia sana. Mtu anaiomba miguu yake imwokoe, na miguu inasikia.

Tangu siku hiyo nimeletewa barua nyingine kadhaa, na makosa yanafanana kiasi kwamba nimeona niyaandike mahali pamoja. Sisi wa Fizi na Baraka, mashariki mwa Kongo, tuna lugha nyingi na nafasi ndogo ya kuzipumzisha. Nyumbani wengi wetu ni Kibembe, sokoni Kiswahili, darasani Kifaransa, na sekondari Kiingereza kinakuja kwa saa chache kwa juma, mara nyingi kikitafsiriwa ubaoni kwa Kifaransa. Ndugu zetu walio Nyarugusu, kule Kasulu mkoani Kigoma, ambako kambi ilifunguliwa mwaka 1996, nao wamesomesha watoto kwa mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa, wakiwa wamezungukwa na Watanzania wanaojifunza Kiingereza. Halafu, mpaka Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi mwaka 2025, jina lilikuwa likitoka kwenye orodha, familia inapelekwa huko, na ndani ya mwaka mmoja mtoto aliyekuwa akiandika Kifaransa anatakiwa kuandika insha ya Kiingereza kuhusu maisha yake. Na maisha yake, apende asipende, yana hofu ndani yake. Kwa hiyo hofu ni mojawapo ya mambo ya kwanza tunayolazimika kuyaandika kwa Kiingereza, kabla hatujajifunza kuandika kuhusu hali ya hewa.

Niseme kwanza kuhusu makosa madogo, ambayo kwa kweli si misemo bali ni viungo vya sentensi. Sisi tunasema "nina hofu", Mfaransa naye husema kwamba ana hofu, kwa hiyo mkono wetu unaandika wenyewe "I have fear". Mwingereza hana hofu kama mtu alivyo na mbuzi. Yeye mwenyewe ndiye mwenye hali hiyo: "I am afraid", "I was afraid". Ukisha kulijua hilo, kuna mtego wa pili. Neno "afraid" halitangulii jina. Mtoto aliyeogopa ni "a frightened child", kamwe si "an afraid child". Na mtego wa tatu ndio ulionichekesha zaidi ya yote: "scared" na "scary". La kwanza ni la anayeogopa, la pili ni la anayeogopesha. Nimesoma barua ya dada mmoja, mtu mpole ajabu, iliyosema kwamba usiku ule "I was very scary". Alikuwa amesema alitisha sana. Wanaomfahamu wangelipa nauli ya pikipiki kutoka Baraka kuja kumwona akitisha.

Sasa turudi kwenye misemo. Kosa letu kubwa ni kudhani kwamba misemo ya hofu ni kama vijiko, ukikosa hiki utashika kile. Sivyo. Kila msemo umeshika kiungo fulani cha mwili, na kiungo hicho kinafanya jambo moja tu. Kabla ya kuchukua wowote, jiulize hofu unayoisimulia ilikaa wapi, na ilimfanya mtu afanye nini. Alikimbia? Aliganda? Alinyamaza? Alitazama saa? Hofu ya kukimbia, hofu ya kuganda na hofu ya kungoja ni hofu tatu, na hakuna lugha inayozivalisha shati moja.

Anza na Kiswahili chako mwenyewe, maana wengi wetu hatujakihesabu. Mtu anayengoja matokeo ya mtihani wa taifa ana matumbo joto. Anayejiandaa kusimama mbele ya kanisa lililojaa ana mchecheto. Mama ambaye mwanawe ameenda machimboni na hajarudi siku ya tatu, roho yake iko juu, au yuko roho mkononi, na hiyo inaweza kudumu mwezi. Aliyeitwa ofisini aeleze fedha zilipokwenda humtoka kijasho chembamba, na neno "chembamba" hapo lina kazi yake: ni jasho la kujificha, si la mkulima. Anayepita makaburini peke yake nywele humsimama na mwili humsisimka. Umati unaosikia mlio na kila mtu akakimbilia upande wake umeingiwa na kiwewe. Anayetishwa na mkubwa wake akanyamaza amenywea, au amefyata mkia, na huyu wa mwisho tayari umemtukana. Ukimwandika mama wa machimboni kuwa ana mchecheto, umemdhihaki. Ukimwandika mwimbaji wa kwaya kuwa yuko roho mkononi, umemfanya mgonjwa.

Maneno nayo huhama. Kiherehere zamani kilikuwa mapigo ya moyo wa mtu mwenye wasiwasi, na kamusi za zamani bado zinacho kiherehere cha moyo. Leo ukimwambia mtu ana kiherehere umemwambia anajipendekeza na kujiingiza kwenye yasiyomhusu. Mwandishi anayetaka kusisimua kwa kufukua neno la kale na ajue wasomaji wake watasikia la leo. Jakamoyo na wahaka yamebaki vitabuni zaidi, na ni maneno mazuri, lakini katika ombi la msaada kwa ofisi ya sekta ya Ngandja sidhani kama yatakufikisha mbali.

Ukiwa umejipanga hivyo upande wako, upande wa Kiingereza unakuwa mwepesi kidogo. Wao wana vipepeo tumboni, "butterflies in my stomach". Mwanafunzi wa hapa akiona neno la tumbo na neno la hofu anaukimbilia. Lakini vipepeo ni ndugu wa mchecheto: ni vya kabla ya usaili, kabla ya mechi, kabla ya kukutana na mchumba. Ndani yake mna furaha kidogo. Usiviweke kamwe kwenye usiku wa risasi. Mtu hakimbii na vipepeo.

Wana moyo mdomoni, "my heart was in my mouth". Huo ni wa dakika chache ambazo jambo linaweza kwenda huku au kule: lori linavuka daraja la miti, umekaa juu ya magunia, mti mmoja unalia. Likishavuka, moyo unashuka mahali pake. Hauwezi kukaa mdomoni miezi mitatu, kwa hiyo si tafsiri ya roho mkononi, ingawa yote mawili yamehamisha kitu kutoka kifuani. Kwa mama wa machimboni, Kiingereza hakina msemo wa mwili unaonitosheleza. Andika tu kwamba hakulala, na kwamba kila pikipiki iliyopita alitoka nje kuitazama.

Wana damu inayopita baridi, "my blood ran cold". Huo ni wa kusikia au kugundua: umesoma ujumbe, umetambua sauti, umeona kitambaa ukakijua ni cha nani. Mwili haujaenda popote, akili ndiyo imefika. Wana pia mtu anayeruka akatoka nje ya ngozi yake, na huyo ni wa kushtuka tu, mlango umebamizwa, mbuzi amepiga chafya gizani. Ukiuandika huo kwa shambulio, msomaji atangoja kicheko.

Kuna misemo inayotugomea kwa sababu ya ngozi na viatu. Wanasema mtu aliyeogopa amekuwa mweupe kama shuka, "white as a sheet". Nimewahi kukutana nao katika insha ya kijana akimsimulia babu yake, na babu huyo namfahamu. Hajawahi kuwa mweupe kwa jambo lolote. Sisi uso unasawijika, midomo inakauka na kupauka, macho yanatoka. Andika hivyo kwa Kiingereza kilaini, na msomaji wa London ataona uso wa mtu halisi badala ya shuka. Vivyo hivyo kutetemeka ndani ya buti, "shaking in his boots". Wenye buti katika simulizi zetu kwa kawaida ndio waliokuja kutetemesha.

Mingine inakubaliana nasi vizuri na haina haja ya kuogopwa. Nywele kusimama ni mali ya wote. Katika kitabu cha Ayubu, sura ya 4, Elifazi anasimulia jinsi nywele zilivyomsimama usiku pepo lilipopita mbele yake, na tafsiri ya Kiingereza na ya Kiswahili zote zimezipokea nywele hizo bila taabu. Kuogopa kivuli chako mwenyewe kunaeleweka pande zote. Kutetemeka kama jani pia, ingawa sisi tuna unyasi. Vile vipele vya ngozi ni kichekesho: Mfaransa anasema ni ngozi ya kuku, Mwingereza anasema ni ya bata bukini. Mwanafunzi wetu aliyezoea Kifaransa huandika kuku kwa Kiingereza, na hapo Mwingereza anasikia habari za mchinjo. Bukini hatufugi, lakini msemo ni wao.

Na kwa kuwa misemo hii imekauka kama udongo wa ukuta, huwezi kubadili tofali moja. Ni "cold feet" kwa wingi hata kama mwoga ni mmoja. Hakuna "a cold foot". Wako wanaoandika "baited breath" kwa pumzi iliyozuiwa kwa wasiwasi, kana kwamba pumzi imewekwa chambo kama ndoana ya kule Baraka ziwani. Sahihi ni "bated", lenye maana ya kupunguzwa, na wasomi hulifuata hadi kwa Shakespeare, katika tamthilia ileile ambayo Julius Nyerere aliitafsiri mwaka 1969 akaiita Mabepari wa Venisi. Waingereza wenyewe hulikosea kila siku, kwa hiyo ukilipatia utakuwa umewapita baadhi yao. Ila nakwambia kama rafiki: pumzi hiyo imezeeka, na ukiiweka katika ripoti ya kipindupindu cha ukanda wa afya wa Kimbi-Lulimba itaonekana kama koti la harusi shambani.

Sasa neno ambalo si msemo na linadhuru kuliko misemo yote: "I'm afraid". Mwingereza hulitumia kutwa nzima bila kuogopa kitu. Akikuandikia "I'm afraid the doctor has left", hana hofu. Anakuomba radhi kwamba daktari ameondoka. Ni "kwa bahati mbaya" au "samahani" yake. Nilimwona mkalimani kijana akitafsiri mbele ya wazee kwamba mgeni anaogopa kuwa chakula hakitatosha familia zote. Wazee wakatazamana. Kama mgeni aliyekuja na magari anaogopa, sisi tufanyeje? Alichosema mgeni ni kwamba, samahani, chakula hakitoshi. Hilo lilikuwa baya kivyake, lakini lilikuwa habari, halikuwa hofu. Ukisoma Kiingereza, tazama kinachofuata: kama ni habari mbaya iliyokwisha kuamuliwa, hapo hakuna hofu, pana adabu. Na ukiandika wewe, litumie kwa kukataa kwa upole, lakini usilitumie karibu na hofu ya kweli, maana yatagongana. "I'm afraid they burned the school" linasomeka kama tangazo la mhudumu wa hoteli.

Upande wetu nao una neno la namna hiyo. Kwetu mtoto anayemwogopa baba yake ni mtoto aliyelelewa. Mke wa mchungaji anamsifu binti kwamba anaogopa wakubwa, na maana yake ni kwamba binti huyo hapiti mbele ya watu wazima bila kuinama kidogo na kusalimu. Tunamwogopa Mungu, na tunamhurumia asiyemwogopa. Sasa mchukue mtoto huyu mpaka darasani Marekani, mpe karatasi, mwambie aandike kuhusu familia yake. Ataandika kwa fahari: "I am afraid of my father." Mwalimu akisoma sentensi hiyo hawezi kulala nayo. Sheria za kule zinamtaka mwalimu atoe taarifa akihisi mtoto anaumizwa, na asubuhi baba anapigiwa simu na mtu asiyemjua, kwa lugha asiyoijua, kuhusu mapigo ambayo hayapo. Kama mapigo yapo, hilo ni jambo lingine na mtoto aliseme wazi. Lakini kama alichotaka kusema ni heshima, neno ni "respect", na wazazi walio safarini wawafundishe watoto tofauti hiyo kabla hata ya kuwafundisha kuvuka barabara.

Kuna upande mchungu wa neno "mwoga" ambao watu wa hapa wanapaswa kuujua kuliko wengine, kwa sababu lilitumika katika milima hii kama hukumu. Mwezi wa Aprili 1965 Ernesto Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma akatua Kibamba, akapewa jina la Tatu, namba yetu ya kawaida kabisa, akakaa na waasi mpaka Novemba. Kumbukumbu zake aliziandika baadaye akiwa Dar es Salaam, na Lulimba imo ndani yake. Alikuwa daktari kwa masomo, na kilichomsumbua sana ni dawa ya mganga. Mpiganaji alimwagiwa maji yenye majani, na risasi hazingemdhuru, mradi asiguse mwanamke, asichukue kisicho chake, na asiogope. Ni maji ya ukoo uleule na yale ya Kinjikitile Ngwale kule Ngarambe kabla ya vita vya 1905, na ndiyo yaliyoyapa makundi ya Mayi-Mayi jina lake mpaka leo. Tazama sharti la tatu lilivyo na ujanja. Masharti mawili ya kwanza yana mashahidi. La tatu halina. Akiuawa, maelezo yapo tayari: aliogopa. Maiti haiwezi kujibu kwamba haikuogopa, na walio hai hawawezi kukiri kwamba waliogopa, maana dawa yao itaonekana imeharibika. Basi neno moja likawa linamaliza kila uchunguzi.

Nalitaja hilo kwa sababu bado tunaandika namna hiyo bila kujua. Kuogopa ni tukio, uoga ni tabia. "Aliogopa" ni la usiku mmoja. "Ni mwoga" ni la maisha yote. Kiswahili kina huruma hata kwa huyo wa pili, kwa maana methali inasema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio: mwoga amefika nyumbani, watu wake wanacheka naye. Kiingereza hakina huruma hiyo. Neno "coward" ni tusi tupu, na msomaji akishalisikia hamsamehe mtu. Ukitafsiri maneno ya mama aliyesema mumewe "alikuwa mwoga, akatutoa mapema", usiandike "coward". Mama anamsifu. Andika kwamba alikuwa mwangalifu, au kwamba aliogopa mapema kuliko majirani na ndiyo maana watoto wote wanne wapo.

Nimefika mahali ambapo ushauri wangu unageuka, na naomba usomwe polepole. Kuna maandishi ambayo misemo ya hofu, hata ile sahihi, haifai kuingia. Mkataba wa wakimbizi wa 1951 unamtambua mkimbizi kwa hofu yake, lakini hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya mambo kama kabila, dini au msimamo wa siasa. Maneno hayo mawili, hofu na msingi, yanabeba mzigo usio sawa. Hofu iko ndani ya mtu. Msingi uko nje. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 uliongeza wale wanaokimbia vita na machafuko yaliyovuruga nchi yao, na huo hauulizi sana moyo wa mtu ulidunda namna gani. Unauliza nini kilitokea alikotoka. Kwa vyovyote vile, ofisa anayekusikiliza anatafuta msingi. Ukimwambia roho ilikuwa mkononi, damu ikaganda, nywele zikasimama, umempa vipande vitatu vya hofu na hakuna kipande cha msingi. Mwambie ilikuwa mwezi gani, saa ngapi, ulikuwa umesimama wapi, walivaa nini, walisema lugha gani, waliuliza jina la nani. Usiongeze, usipunguze. Kama hukumbuki tarehe, sema ilikuwa majuma mawili baada ya kuvuna mahindi. Hiyo nayo ni tarehe.

Mahakamani ni hivyohivyo. Februari 2011 mahakama ya kijeshi tembezi ilikaa Baraka na kumhukumu Luteni Kanali Kibibi Mutware miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, kutokana na yaliyowapata wanawake wa mji wa Fizi siku ya Mwaka Mpya. Wanawake walisimama mbele ya majaji wakasema. Maneno ya shahidi hupita kwa mkalimani, kisha kwa karani, kabla hayajalala kwenye karatasi ya Kifaransa. Kila mlango unakula kidogo. Msemo ndio unaoliwa kwanza, kwa sababu mkalimani akikosa mwenzake wa haraka anauruka au anaweka wowote ulio karibu. "Nilijificha chini ya kitanda, nikamziba mtoto mdomo" hupita milango yote bila kupoteza kitu.

Kwa wanaoandika hadithi, insha au makala, nafasi ni pana zaidi, lakini hata hapo nina ubahili wangu. Msemo mmoja wa hofu katika ukurasa unatosha, na uwe mahali ambapo hofu ni ndogo. Nimeliona hili mara nyingi katika maandishi ya vijana: kadiri tukio lilivyo kubwa ndivyo wanavyorundika misemo, kama mtu anayetupia kuni mbichi moto unaozimika. Fanya kinyume. Tumia vipepeo kwa ajili ya usaili, kijasho chembamba kwa ajili ya ofisi, kuruka ngozini kwa ajili ya mbuzi. Ukifika usiku wenyewe, weka misemo chini na utaje vitu. Sisi tuna methali kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na inadumu kwa sababu ndani yake mna ung'ongo, kitu cha kushikika, kilicholala njiani bila hatia.

Sheria hiyo inavunjika, bila shaka. Mwandishi mzuri anaweza kuweka msemo mchovu mdomoni mwa mhusika ili tumjue ni mtu wa namna gani. Ofisa mnene anayesema kila mara kwamba nywele zilimsimama, naye hana nywele, huyo mwachie. Ila lazima tuone kwamba umejua.

Yule kijana nilimrudishia karatasi zake siku ya pili. Nilikuwa nimepiga mstari chini ya miguu baridi na sikuandika kitu juu yake, kwa sababu nilitaka ajaze mwenyewe. Tukakaa kwenye benchi nje. Nikamwuliza: usiku ule hofu ilikaa wapi? Akafikiri. Akasema hakumbuki moyo wala tumbo. Anakumbuka kwamba kabla ya kutoka, mama yake alivua kitambaa cha kichwani akafunga mfuniko wa sufuria, akaukaza kwa mafundo mawili, ili usigonge njiani. Walitembea mpaka alfajiri, na kila mara mama aliinua mkono kuuhisi kama bado umekaza.

Nikamwuliza kwa nini hakuandika hilo. Akasema aliona ni mambo ya jikoni, na hakujua kwa Kiingereza msemo wake ni upi.

Tuliliandika pamoja kwa maneno ambayo mtoto wa mwaka wa pili wa Kiingereza anayajua: kitambaa, mfuniko, fundo, mkono. Likawa mistari mitatu. Alipomaliza kunakili kwa mwandiko safi aliniuliza kama aongeze mwishoni kwamba mama yake aliogopa sana, ili shirika lielewe. Nikamwambia ahesabu mafundo.